Usiniite Shujaa, Nipe Jaketi

Watu wangu, kuna neno nikiliskia siku hizi nashtuka kidogo: "shujaa."

Mto Tana ukifura, maji yakimeza barabara ya Garsen kwenda Lamu pale Gamba na Lango la Simba kama ilivyokuwa 2023, anayevusha watu na mizigo kwa boti anapigwa picha, anapostiwa, anaitwa shujaa. Laiki kibao. Maji yakishuka tunamsahau mpaka mvua ijayo. Kumsifu si vibaya. Shida ni kwamba tukishamsifu, hatuulizi tena: huyu jamaa ana jaketi ngapi za kuokoa maisha kwenye hiyo boti?

Na hii tabia si ya leo. Miaka ya 1930 kulikuwa na ndege za majini, zile zenye tumbo kama mashua, zinazotua juu ya maji. Kazi yao kubwa ilikuwa kubeba barua. Huku kwetu pia zilifika: kuanzia 1937, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilizipitisha Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, zikishuka hadi Durban. Barua iliyozoea kukaa wiki kadhaa melini ikawa inafika kwa siku chache. Marubani wakawa mastaa.

Sasa angalia vile hao mastaa walikuwa wanakufa.

Jean Mermoz, Mfaransa, alikuwa ameshavuka Bahari ya Atlantiki zaidi ya mara 20. Tarehe 7 Desemba 1936 aliruka kutoka Dakar kupeleka barua Brazil. Muda mfupi baadaye akarudi, kwa sababu mtambo mmoja ulikuwa unasumbua. Ukarekebishwa haraka haraka, akaruka tena asubuhi hiyo hiyo. Kabla ya saa tano, redio ikapokea ujumbe mfupi kuwa wanazima injini ya nyuma, ya kulia. Basi. Watu watano hawakuonekana tena. Ufaransa ikamlilia shujaa wake. Lakini mimi najiuliza, barua gani hiyo isingeweza kungoja mpaka kesho?

Januari 1939, ndege ya majini iitwayo Cavalier ikitoka New York kwenda Bermuda iliingiwa na barafu kwenye injini, ikashuka baharini na kuzama. Watu watatu walikufa. Waliobaki 10 walielea karibu saa 10 mpaka meli ya mafuta ikawaokota usiku. Ndege ya kuvuka bahari, na haikuwa na boti ya kuokolea watu!

Miezi miwili baadaye ikawa zamu ya jirani zetu. Ndege Corsair iliondoka Ziwa Viktoria upande wa Uganda ikielekea Juba. Mitambo ya kutafutia mwelekeo ikaipotosha, mafuta yakawa yanaisha, ikalazimika kutua kwenye Mto Dangu karibu na Faradje, Kongo. Mto mdogo, ndege kubwa. Ikagonga mwamba. Bahati nzuri wote walitoka hai. Kuitoa pale ilichukua karibu miezi 10, na wenyeji ndio waliofanya kazi ya kujenga bwawa ili maji yapande na ndege ipate pa kurukia. Iliruka Januari 1940. Jina la rubani liko kwenye vitabu. Ya waliobeba mawe? Hayo hayakupata nafasi.

Ukizitazama hizo ajali tatu, hakuna hata moja iliyotokea kwa sababu rubani alikosa moyo. Mitambo, barafu, mafuta, mwelekeo, na ratiba iliyokuwa inawasukuma. Ni vitu vya kulipiwa na kupangwa. Ujasiri ni wa bure, ndio maana wakubwa wanaupenda. Ukimwita mtu shujaa hutoi hata shilingi. Ukimpa jaketi, lazima utoe pesa.

Sasa rudi Tana. Aprili 2024 boti ilipinduka Kona Punda, upande wa Madogo, wakati mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya Garissa. Watu walikufa. Walikuwa wasafiri wa kawaida tu, hakuna aliyetoka nyumbani kutafuta sifa.

Najua kuna mtu atasema, "Wewe unaongea hivyo, na mgonjwa anayengoja dawa ng'ambo je? Unga je?" Ni kweli, kungoja pia kunaua. Ndio maana nasema safari ziendelee, lakini boti iwe na jaketi kwa kila kichwa, isijazwe kama matatu ya jioni, na nahodha awe na haki ya kusema "leo hapana" bila kutukanwa. Mto Tana hufurika mara kwa mara. Hiyo si dharura ya kushtukiza, ni kitu cha kuwekwa kwenye bajeti ya kaunti kabla mvua haijanyesha.

Na sisi vijana tuna sehemu yetu. Wewe unayempigia mtu wa boda mara sita ukimuuliza kifurushi kiko wapi wakati Minjila kunanyesha, tulia. Ni viatu tu hivyo, vitafika kesho. Ukipanda boti, uliza jaketi kabla ya kuuliza nauli. Na msimu wa kura ukifika, anayeomba kura yako muulize alinunua ngapi.

Sifa hazielei majini, wasee. Jaketi huelea.