Mpaka Lini Tutauza Maua?

Mwenda kwao si mtumwa, wazee walisema. Mimi nimekwenda kwetu Muheza baada ya miaka 19 ya kuishi Hamburg, na utumwa nimeukuta huko huko kwetu. Hauna mnyororo, hauna kiboko. Una Fuso, una dalali mwenye simu mbili, una noti chache zilizokunjwa mfukoni. Na anayefungwa anasema asante.

Nimechoka. Leo nasema, na atakayekasirika akasirike.

Nilipanda basi Dar es Salaam alfajiri, nikaomba kiti cha dirishani ili niione nchi niliyozaliwa. Nikaiona. Chalinze, Mkata, Kabuku, Segera: kila basi liliposimama, nchi yangu ilikuja mbio dirishani, imebebwa kichwani. Mananasi. Machungwa. Korosho. Mahindi ya kuchemsha. "Elfu moja, anko! Elfu moja!" Abiria wanakaa kimya, wanajua wanachosubiri. Dereva anakanyaga mafuta. "Mia saba! Chukua mia tano, anko, chukua!"

Kabuku nilimwona binti wa miaka kama 11 akikimbia sambamba na basi, mfuko wa wavu umejaa machungwa, ameuinua juu kwa mikono miwili, kandambili yake moja imebaki nyuma kwenye vumbi. Abiria wa mbele yangu aliupokea mfuko, akadondosha sarafu. Sikuona kama zilitimia.

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Tumezoea. Na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: tumezoea.

Ndugu msomaji, wewe pia umepita njia hiyo. Wewe pia umewahi kusubiri basi lianze kuondoka ili bei ishuke. Usijifanye huelewi ninachosema.

Nilishuka Muheza na kiu. Mbele ya stendi machungwa yamemwagwa chini kwa mafungu, yale ya chini yameanza kutoa maji, nzi wametanda. Nikaingia dukani nikaomba juisi ya machungwa. Nikapewa chupa ya plastiki, ndani mna kitu cha rangi kali. Nikasoma kilichoandikwa ubavuni. Maji. Sukari. Asidi. Rangi. Ladha ya chungwa.

Ladha! Nimesimama Muheza, machungwa yanaozea miguuni mwangu, nami nauziwa ladha ya chungwa! Kuna tusi kubwa kuliko hilo?

Jioni nikafika kwa mjomba, kaka wa marehemu mama yangu. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mjomba, karibu nyumbani." Shamba ni lile lile, michungwa 40 aliyoipanda kwa mikono yake, imeelemewa na matunda mpaka matawi yamewekewa miti ya kuyategemeza. Nikanyoosha mkono nichume. Mjomba akaushika.

"Hayo si yangu, mjomba. Niliyauza tangu ua."

Tangu ua!

Ulikuwa mwezi wa njaa. Ghalani hakuna kitu, mjukuu anasubiri sare na madaftari, dawa za presha zimekwisha. Dalali akaja, akatazama maua juu ya miti, akataja elfu 8 kwa kila mchungwa. Mjomba akapokea. Wewe ungekataa?

Asubuhi yake vijana wa mnunuzi walikuja kuchuma. Nikakaa chini ya mchungwa mmoja nikahesabu mpaka wa mwisho. Machungwa 640. Piga hesabu mwenyewe: shilingi 12 na senti 50 kwa chungwa. Nilipokuwa stendi ya Dar, chungwa moja lililomenywa nililinunua kwa shilingi 200. Mjomba amepalilia, amepogolea, ameamka usiku kufukuza wanyama, na katika kila shilingi 200 amepata 12 na hamsini.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi hata daftari tumemwachia mnunuzi atuandikie!

Sehemu ya mzigo huo huvuka mpaka pale Horohoro kwenda Mombasa na Nairobi. Simlaumu Mkenya, yeye anajua hesabu. Wala simlaumu dalali peke yake, maana dalali ni mtoto wa kijiji hicho hicho, amesoma na binamu zangu. Namlaumu aliyeuacha mlango wazi akaenda kulala.

Tena usidhani ni Muheza tu. Bukoba wana butura: kahawa inauzwa ingali ua. Mtwara wana kangomba: korosho hupimwa kwa chombo cha mlanguzi, mizani haionekani. Na Lushoto, hapo juu tu, viazi hujazwa lumbesa, gunia linavimba na kuvikwa kilemba, mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza. Inakataza! Lumbesa inapita barabarani mchana kweupe, na sheria iko kabatini.

Hatukuanza jana. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Tanga, aliona ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya laini, likiota kivulini kwenye mawe ya upande wetu. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu, Saintpaulia, jina la ukoo wake. Leo linauzwa dunia nzima. Nimeliona Hamburg kwenye madirisha ya vikongwe, nimeliona madukani karibu na maziwa na mkate, na Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la milima yetu, Usambara. Nilipopanda milimani hadi Amani niliwauliza vijana wanne wa bodaboda kama wanalifahamu. Hakuna hata mmoja. Na humo misituni kwenye asili yake, baadhi ya aina zake ziko hatarini kutoweka.

Ua letu, jina la mwingine, pesa ya mwingine.

Sasa sikiliza la mkonge, maana hili ndilo linalonifanya nikose usingizi. Mwaka 1893 Mjerumani mwingine, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia bandari ya Hamburg, mji huo huo ninaoishi. Iliyofika hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Miche 62! Kutokana na hiyo, Tanganyika ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Babu yangu mzaa baba aliletwa kutoka Kigoma kuukata. Walikuwa wakiitwa manamba, kwa sababu mtu alikuwa namba. Alikufa na kipande chake cha kazi kimefungwa kwenye kitambaa, kana kwamba ni hati ya nyumba.

Mwaka 1964 nchi ilitoa takribani tani 230,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumeporomoka mpaka kama tani 20,000. Najua utakachosema. Kamba za plastiki zilituvamia, kweli. Mashamba yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, mengi yakakosa matunzo, kweli. Lakini katika miaka yote ile ya neema tuliuza nini? Sehemu kubwa ya mkonge wetu iliondoka bandari ya Tanga ikiwa singa tupu, ikaenda kusokotwa kwa watu. Na singa ni kama asilimia 4 tu ya jani la mkonge. Kilichobaki korona, mashine ya kutenganisha nyuzi, ilikitema kama takataka.

Mtu mmoja alianza na miche 62. Sisi tuna michungwa isiyohesabika na tumeshindwa kupata mizani!

Tangu nikiwa darasa la tatu nasikia kiwanda cha machungwa kinakuja. Kila uchaguzi kinakuja. Jukwaa linafungwa, muziki unapigwa, kiwanda kinaahidiwa, kina mama wanapiga vigelegele, wanaume wanagombea kofia. Kofia! Unavaa kofia ya mtu aliyekuahidi mwaka juzi, na machungwa yako yanaoza, na bado unampigia makofi?

Wapo watakaonikumbusha kwamba aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Nakuamsha hivyo hivyo.

Nawaamsha na wenzangu wa ughaibuni. Tunarudi na masanduku, tunapiga picha na wajukuu, tunajenga nyumba yenye ukuta mrefu inayolala popo. Tunachangia misiba na harusi, basi tunajiona tumetimiza wajibu. Katika miaka 19 nimetuma Muheza pesa za mazishi manne. Pesa ya mwezi wa ua sikuwahi kutuma hata mara moja, kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Michungwa 40 kwa elfu 8 ni shilingi 320,000. Ndiyo jasho la mjomba la mwaka mzima. Viatu nilivyovaa siku ile, nimesimama chini ya mti wake nikihesabu, nilivinunua kwa zaidi ya hapo. Nimeshindwa kuvivaa tena.

Fikiri: kinachomfunga mzee yule ni laki tatu na ishirini! Dalali hana jeshi. Hana sheria upande wake. Ana laki tatu taslimu katika mwezi ambao mwingine yeyote hana. Kina mama wa kijiji hicho hicho wana VICOBA, wanaweka hisa kila wiki, wanakopeshana sare na dawa, wanadaiana na wanalipana. Wenye michungwa wanakaa kwenye kahawa wanacheza bao na kulalamikia bei. Nani amewaroga? Kikundi cha watu 30 wenye mfuko mmoja kingeweza kumvusha kila mzee mpaka chungwa liive, kisha waite wanunuzi watatu, waweke mizani katikati, wauze kwa kilo. Hilo halisubiri kiwanda wala mgombea. Kiwanda kikija, kitawakuta wamesimama.

Tusipofanya hivyo, binti wa Kabuku atakuwa bado anakimbia na mabasi. Na wewe utakuwa bado unasubiri mia saba iwe mia tano.

Wiki iliyopita mjomba alinipigia simu. Michungwa imeanza kuchanua. Dalali amekwishapita mara mbili, mara ya pili ameacha elfu kumi ya sukari juu ya mkeka, bila kusema kitu.

Nimemwambia mjomba airudishe, na pesa ya sare nimetuma. Mjomba wako wewe, umempigia?