Masharti ya Benki Yatufikie na Sisi

Ndugu wafanyakazi, siku hizi mabenki yanajisifu kwamba yamekubali viwango vya mazingira, jamii na utawala. Yaani kabla ya kumkopesha mwenye kiwanda au shamba, benki itazame kama anaharibu maji na ardhi, anaonea watu au anaficha hesabu. Hatupingi. Lakini anayeujua ukweli wa shamba ni nani, karani wa benki au mpiga dawa?

Mwaka 2003 mabenki makubwa 10 yalianzisha Kanuni za Ikweta, zinazofuata masharti ya IFC, shirika la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni. Sharti la pili ni la kazi. Mkopaji asizuie wafanyakazi kuunda chama, wala asiwaadhibu wakijiunga. Asitumikishe watoto. Kazi iwe ya salama, malalamiko yasikilizwe, na vibarua wanaoletwa na makandarasi wasisahauliwe. Ndiyo hayo hayo tunayoyadai kila mwaka mezani! Kumbe mwajiri ameshayatia sahihi benki, na sisi hatujaonyeshwa.

Katika shamba moja la chai magharibi ya Uganda tulijionea wenyewe. Wiki moja kabla ya wageni wa benki kufika, nyumba za kambi zilipakwa chokaa, na wapiga dawa wakapewa buti na glovu. Wageni walikula chakula cha mchana kwa meneja, wakazungushwa kwa gari, wakaenda zao. Jumatatu mtunza stoo akapita akikusanya buti. Mwenzetu mmoja alikataa kuvua zake, akahamishiwa kupasua kuni. Chokaa tu ndiyo iliyobaki.

Na mabenki yenyewe si ya kutegemewa sana. Mwaka 2024 manne makubwa ya Marekani yalijitoa katika Kanuni hizo, mojawapo likiwa Citigroup, lililokuwa miongoni mwa waanzilishi. Kujiunga ni hiari, na kutoka vile vile.

Kwa hiyo twataka mkaguzi akija akutane na kamati ya chama, meneja asiwepo. Masharti ya kazi yaliyomo katika mkopo yabandikwe ubaoni kwa lugha tunayoisoma. Kila tawi limwandikie mwajiri kumwuliza amekopa wapi. Zikiwa ni fedha za IFC, iko ofisi ya malalamiko iitwayo CAO, iliyoanzishwa mwaka 1999. Inapokea barua kwa lugha yoyote, na mlalamikaji aweza kuomba jina lake lifichwe. Katika barua hiyo andikeni tarehe mliyopewa buti, na tarehe mliyonyang'anywa.