Viwanjani Juma Hili: Nani Abaki Nyumbani?

Jumapili iliyopita nilikuwa nikipita kando ya bwawa, hapa kwetu Silanga, mzee mmoja jirani yangu akanisimamisha. Ni mtu wa Makina kwa kuzaliwa, naye ameyaona mengi ya mji huu wa Nairobi. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe mwandishi wa mambo ya michezo. Hebu nieleze, vijana hawa wa mpira wa magongo wana nini? Wakifungwa bao moja huinamisha vichwa, wakifunga bao moja hujiona wafalme. Mbona hamwarudishi watu wazima uwanjani?" Nikamjibu, "Baba, swali lako ni kubwa, nipe juma moja." Basi hili ndilo jibu langu, nami nalitoa mbele ya wasomaji wote, maana najua wako wengi wanaofikiri kama yeye.

Lakini kwanza niwakumbuke wasomaji wa mashambani ambao mchezo huu hawajapata kuuona. Ni watu 11 kila upande, kama kandanda, ila mpira ni mdogo na mgumu, na kila mchezaji ana gongo lililopinda mwishoni. Upande mmoja tu wa gongo, ule ulio bapa, ndio unaoruhusiwa kugusa mpira; wala hakuna gongo la mtu wa shoto. Zamani walicheza vipindi viwili vya dakika 35, siku hizi mashindano makubwa huchezwa vipindi vinne vya dakika 15. Tena mchezaji aliyetolewa aweza kurudi wakati wowote, mara nyingi atakavyo mwalimu. Kwa hiyo anayechagua timu hachagui watu 11. Achagua 16 au 18, kwa kadiri ya mashindano, na yule wa mwisho katika orodha atakanyaga uwanja sawasawa na wa kwanza. Hapo ndipo penye kazi.

Sasa nije kwenye watu wazima anaowataka mzee wangu. Najua anaowakumbuka. Kenya ilikwenda katika Michezo ya Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1956, mjini Melbourne, na timu ya magongo ilikuwamo. Mwaka 1964 mjini Tokyo ilishika nafasi ya 6. Mwaka 1971 lilipochezwa Kombe la Dunia la kwanza kabisa, mjini Barcelona, Kenya ilifika nusu ya mwisho. Hispania wakaifunga bao 1 kwa sifuri, kisha India wakaifunga 2 kwa 1 katika kugombea nafasi ya tatu, tena baada ya muda kuongezwa. Nafasi ya nne katika dunia nzima! Nahodha katika miaka ile alikuwa Avtar Singh Sohal, mlinzi hodari aliyecheza Olimpiki nne, tangu Roma mwaka 1960 hata Munich mwaka 1972.

Mzee husema, "Watu wazima ndio walioleta sifa ile." Nami nasema, hebu tuhesabu. Sohal alizaliwa mwaka 1938. Alipokwenda Roma alikuwa kijana wa miaka 22. Hakuna aliyemngojea apate mvi. Aliwekwa katikati ya watu waliomtangulia, akajifunza kwao, hata siku ilipofika akawa yeye ndiye wa kuwafundisha wengine. Na wenzake hawakuokotwa njiani. Wengi walitoka katika vilabu vya Masingasinga na vya Wagoa, kama Sikh Union na Goan Institute, na katika shule kama ile ya Dr. Ribeiro hapa Nairobi, ambako mtoto alishika gongo tangu udogo, akacheza na kaka zake, akawatazama baba zake Jumapili. Timu ilijengwa kabla ya kuchaguliwa.

Mkulima ataelewa neno hili upesi kuliko karani. Katika shina la migomba mwenye shamba mwema huacha mitatu: mama mwenye mkungu, mtoto anayemfuata, na mjukuu aliye chini. Machipukizi mengine hung'olewa. Mkungu wa mama ukikatwa, mtoto yu karibu kuzaa, na nyumba hailali njaa. Asiyeacha mtoto atakula ndizi mwaka mmoja, kisha atakaa akitazama majani makavu.

Timu yetu ya mwaka 1971 ilikuwa mama mwenye mkungu mzuri sana, lakini wajukuu walikuwa wapi? Tusifiche ukweli. Wakati wa serikali ya kikoloni shule zilitengwa kwa rangi, na vilabu vilevile. Mtoto Mwafrika wa Kibera aliuona mchezo huu kupitia ua, ikiwa aliuona. Kisha, tangu mwisho wa miaka ya 1960, Wahindi na Wagoa wengi walihama kwenda Uingereza, Kanada na kwingineko, wakaenda na ujuzi wao. Mwaka 1976 Kenya, pamoja na nchi nyingi za Afrika, haikucheza Olimpiki ya Montreal. Mwaka 1980 haikwenda Moscow. Na huko Montreal ndiko Olimpiki ilikochezwa mara ya kwanza juu ya majani ya bandia, ambayo yaliubadili mchezo wote. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1975 aliikosa michezo miwili mikubwa, na aliporudi alikuta mchezo mwingine.

Hata hivyo shina halikufa. Katika timu iliyokwenda Los Angeles mwaka 1984 walikuwamo wana wa Waafrika, kama Peter Akatsa na Michael Omondi, bega kwa bega na ndugu zetu wenye asili ya Kihindi. Mwaka 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika hapa Nairobi, uwanja wa City Park ukawa makao ya mchezo, na mwaka 1988 Kenya ilicheza Seoul. Tangu hapo wanaume wetu hawajarudi katika Olimpiki.

Basi siku hizi mjukuu anatoka wapi? Anatoka magharibi kwa wingi: St. Anthony's ya Kitale, Kamusinga, Musingu, na kwa wasichana shule kama Tigoi. Sababu yake si siri. Watoto wale hulala bweni moja, hucheza pamoja mwaka baada ya mwaka, hujua mwenzao atapeleka mpira wapi kabla hajaupeleka. Nitatoa mfano wa kona fupi. Watu 5 tu, pamoja na mlinda lango, ndio wanaoruhusiwa kukinga. Wengine wote hufukuzwa hadi katikati ya uwanja. Mpira ukisukumwa, mmoja hukimbia mbele kumkabili mpigaji, naye ajua kwamba mpira ule waweza kumvunja goti. Hukimbia kwa kuwa anamwamini aliye nyuma yake. Imani hiyo haifundishwi kwa majuma mawili ya kambi. Na hapa namjibu mzee juu ya kuinamisha vichwa: kijana huinamisha kichwa afungwapo kwa sababu hajui kama wenzake watamlaumu au watamsaidia. Akiwa na mkubwa anayemwita kwa jina lake na kumwambia asimame wapi, kichwa hakiinami.

Mwaka 2022 wasichana wetu walifungwa na New Zealand mabao 16 kwa sifuri katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham. Nilisikia watu wakicheka ndani ya basi. Mimi sikucheka. Katika vilabu wanawake wa Kenya si wanyonge. Telkom ilipata kuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi. Lakini kuwashinda jirani ni jambo moja, na kukutana na taifa linalocheza na wakubwa wa dunia kila mwaka ni jambo jingine. Aliyetaka kuwafukuza wasichana wale wote baada ya siku ile angefukuza watu pekee waliojua sasa mbio za dunia zilivyo.

Na sisi wa Silanga je? Uwanja wetu ni udongo. Wakati wa kiangazi ni kama sakafu, mvua ikinyesha ni tope. Mpira hurukaruka, kwa hiyo mtoto hujifunza kuusimamisha akiwa wima, macho mbele na mguu mmoja nyuma kwa hofu. Siku anapofika kwenye majani ya bandia, ambako mpira huteleza chinichini kwa kasi, hana budi kuinama karibu na kugusa ardhi, na mwili wake haujazoea. Mchaguzi humwona akikosa mipira mitatu akasema hafai. Kumbe angepewa miezi miwili angewashinda wengi, maana aliyezoea mpira wenye hila ana mikono myepesi. Gongo nalo ni habari nyingine. Bei ya lililo jema huenda ikapita kodi ya chumba kimoja cha kwetu kwa mwezi. Wengi huanza na tawi la mti.

Sasa yanipasa kusema jambo langu mwenyewe, ingawa halinipi heshima. Miaka michache iliyopita nilikuwa mwandishi wa halmashauri katika klabu ndogo, ambayo sitaitaja. Tulikuwa na safari, na nafasi moja ilibaki katika watu 16. Mmoja alikuwa mtu mzima, rafiki yetu, mwenye magongo matatu na tabia ya kuwakopesha wengine. Wa pili alikuwa kijana wa miaka 17, wa hapahapa Silanga, mwepesi kama swala. Nikafungua daftari langu la mahudhurio, nikawasomea wenzangu: kijana amechelewa mazoezi mara sita. Nikasema, asiye na adabu hawezi kujenga timu. Kura zikaenda kwa mtu mzima, na mimi nikaandika orodha kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini.

Kijana hakulalamika. Aliacha tu kuja. Baadaye mama yake ndiye aliyeniambia, tena bila hasira, kwamba mwanawe alikuwa akichota maji ya kuuza kila asubuhi, kisha akienda uwanjani kwa miguu, mwendo wa saa mbili, kwa kuwa nauli ilikuwa chakula cha wadogo zake. Daftari langu halikuwa na mstari wa kuandika hayo. Nami naishi hatua chache kutoka kwao, na sikuuliza.

Mtu mzima tuliyempeleka alicheza vema, sitasema uongo ili kuipamba hadithi. Lakini alistaafu mwaka ule ule, na mahali pake hapakuwa na mtu. Tulikata mkungu na chini hamna chipukizi, na aliyeling'oa ni mimi.

Kwa hiyo, mzee wangu, sikatai watu wazima. Nataka wawili au watatu wenye subira, kila mmoja akabidhiwe kijana wake, na asipomfundisha aulizwe. Yule mkubwa apigaye kelele kwa kijana mbele ya watu, hata akiwa fundi, mimi ningempumzisha kwanza. Na kijana anayefunga mabao lakini harudi kukinga, huyo naye akae benchi mpaka aelewe. Kuchelewa ni kosa, nalo liandikwe. Ila anayeandika avuke mtaro akaulize sababu. Sisi sasa huchanga nauli na kuondoka pamoja hapa Silanga saa moja asubuhi. Wako wanaonung'unika kwamba wanawalipia wengine. Hao nimewaacha wanung'unike.

Juzi nilimkuta kijana yule kwenye mfereji, amekuwa mtu mwenye mabega. Alinisalimu kwa heshima, akajaza mitungi yake, kisha akauliza pasipo kunitazama, "Bwana Karani, bado mnafanya mazoezi Jumamosi?" Nikamwambia ndiyo, saa moja. Jina lake nimekwisha kuliandika. Gongo la kumpa bado silioni.