Santuri za Mobile Fidelity: Utetezi Usiosimama

Julai 2022 mafundi wa kampuni ya Marekani ya Mobile Fidelity walikiri kwamba santuri zao nyingi, zilizouzwa kwa sifa ya kukatwa kutoka kanda asili za studio, zilipitia kwanza nakala ya dijitali iitwayo DSD. Watetezi wa kampuni wanasema kuuita huo udanganyifu ni kuwaonea. Hoja zao zipimeni.

Wanasema kampuni haikuandika popote kwamba dijitali haikutumika. Tuseme ni kweli. Lakini ndani ya santuri za One-Step, mfululizo mmojawapo wa kampuni hiyo, uliwekwa mchoro wa safari ya sauti: kanda asili, sahani ya lakeri, kalibu, santuri. DSD haikuwemo. Mchoro unaodai kuonyesha njia nzima na kuruka kituo kimoja umeshasema kwamba kituo hicho hakipo. Siri ilipofichuka ulichorwa upya, DSD ikatiwa. Kama wa kwanza haukumpotosha mtu, kilisahihishwa nini?

Hoja yao nzito ni hii: tangu 2011, DSD ilipoanza kutumika, wapenzi wa santuri wanaoapa kwamba dijitali huwakera masikio walizisikiliza na kuzisifu, basi hakuna aliyepata hasara. Nusu ya kwanza naikubali bila kusita. Madai makubwa ya masikio hayo yameanguka, na wenye madai wanapaswa kukubali. Ila kosa la mnunuzi halimsafishi muuzaji. Aliyelipia asali ya nyuki wadogo akapewa ya nyuki wakubwa amepunjwa, hata kama ulimi wake haukung'amua. Isitoshe, watetezi haohao wanashikilia kwamba DSD ilitoa matokeo bora kuliko kukata moja kwa moja kutoka kwenye kanda. Kama ni bora, ilistahili kutangazwa juu ya jalada. Kama ilifichwa kwa kuhofia wateja kukimbia, basi kampuni ilijua fika wateja wale walikuwa wanalipia nini. Hoja hizo mbili, ya ubora na ya kutokuwepo hasara, haziwezi kusimama pamoja.

Wanasema pia wenye kanda hawaziruhusu kutoka ghalani, hivyo nakala haikuepukika. Hiyo ni sababu nzuri ya kutumia DSD. Si sababu ya kuinyamazia. Tazameni toleo la Thriller la Michael Jackson: nakala 40,000 za One-Step, dola 125 kila moja. Katika One-Step kila lakeri huzaa kalibu moja tu, na kalibu huchakaa. Nakala 40,000 zingedai lakeri nyingi, na kanda ile ya thamani kubwa ingechezwa upya kwa kila moja. Nani angekubali? Hesabu hiyo iliwatia wanunuzi shaka. Kampuni ingeweza kuipiga kabla yao.

Mwisho, eti ulikuwa uzembe wa lugha. Rais wa kampuni, Jim Davis, aliomba radhi, na alifanya vyema. Lakini taarifa yake inakiri kwamba kampuni iliacha maelezo ya uongo yaenee. Mwaka 2023 kesi ya wanunuzi dhidi ya kampuni ilimalizwa kwa makubaliano ya takriban dola milioni 25. Mnunuzi aliweza kurudisha santuri na kurejeshewa fedha zake zote, ingawa sauti iliyomo ilikuwa ileile aliyoisifu siku aliyoinunua.