Hadisi ya vipande ingojee mwenyewe



Wengine wanasema hadisi ya vipande iondoke katika gazeti letu, juu mwanafunzi akifukuzwa kwa minervali anapoteza kipande, na akirudi haelewi tena kitu. Shida ni ya kweli, lakini dawa si hiyo.

Angalieni bandari, kama Matadi ao Kalemie. Meli haingoji kila mwenye mzigo. Inashusha, mzigo unaandikwa, unaingia depo, na mwenyewe anakuja na karatasi zake kuutafuta. Hakuna mutu anasema meli isije tena juu yeye amekawia.

Charles Dickens, Mwingereza, alikosa masomo mwaka 1824, akiwa na miaka 12, wakati baba yake alifungwa kwa deni. Nyuma, mwaka 1836 na 1837, alitoa hadisi yake ya Pickwick kipande kwa kipande, kila mwezi, kwa shilingi moja. Hivi hata wasioweza kununua kitabu kizima mara moja walisoma.

Sisi pia tufanye depo yetu: kopi moja ya kila numero ibaki katika biblioteke, isitoke. Anayerudi akute hadisi inamungojea. Amekwisha kukosa masomo. Tusimunyime na hadisi.