Mkutano wa watumiaji wa R uje Butembo

SAFU YA JUMAMOSI
Na Kakule wa Furu

Kuanzia tarehe 9 hadi 12 Julai 2019, watumiaji wa R, programu ya bure ya kuchambua takwimu, walikutana Toulouse, Ufaransa, katika mkutano wao uitwao useR!. Tarehe 12, walipokuwa wakiagana, mchungaji mmoja mgonjwa alipanda basi Butembo kuelekea Goma. Tarehe 14 akakutwa na Ebola, na tarehe 17 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, ni dharura ya dunia nzima. Waliosafiri naye walipaswa kutafutwa, kuandikwa majina na kuangaliwa afya kwa siku 21. Ni kazi ya miguu na pikipiki, lakini jioni yote huishia kwenye jedwali la kompyuta, na kuchambua majedwali ndiyo kazi ya R.

R ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hainunuliwi, anayeitaka anaipakua, anaipekua ndani, anairekebisha apendavyo. Watumiaji wake walikutana kwa jina la useR! mara ya kwanza Vienna mwaka 2004, na tangu hapo mkutano umezunguka Rennes, Los Angeles, Brussels hadi Brisbane. Afrika haujatia mguu.

Safu hii inapendekeza uje Butembo, au Beni. Wageni wa Ulaya watasema bima yao hairuhusu, na kwa hali ya usalama wa barabara zetu hakuna wa kuwalaumu. Basi wabaki kwenye skrini. Ukumbini waketi wenyeji, maana maswali magumu ya takwimu yako huku.

Tuanze na majina. Kwa Wanande, wenyeji wa huku, mtoto wa pili wa kiume ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na binti wa kwanza ni Masika. Ita "Kambale!" penye kituo cha pikipiki mjini uone vichwa vitakavyogeuka. Sasa chukua majedwali mawili. La kituo cha afya limeandika Kambale Jean, miaka 30, Katwa. La wafuatiliaji limeandika Kambale Jean-Pierre, miaka 32, Vulamba. Ni mtu mmoja au wawili? Kompyuta ikiachiwa kulinganisha herufi tu, itaona majina yanakaribiana sana na kuyaunganisha. Kwingineko, ambako jina la ukoo ni adimu, huenda isikosee. Hapa itafanya fujo, kwa sababu jina la kwanza halimtambulishi mtu hata kidogo. Kinachomtambulisha ni jina la ubatizo, la baba, au lile la utani analojulikana nalo mtaani. Ukikosea upande mmoja umemfuta mgonjwa. Ukikosea upande wa pili umezaa mgonjwa hewa, katika mji ambao tayari watu walikuwa wakisema Ebola ni biashara.

Anwani nazo zina mambo yake. Butembo ina komuni nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Idara ya afya inahesabu kwa zoni za afya, Butembo na Katwa, na mipaka hiyo haioani na ile ya komuni. Msichana wa reko, yaani mhudumu wa afya wa mtaani anayegonga milango na fishi (fomu) mkononi, anajua nyumba fulani iko zoni gani. Aliyeandika programu hajui, wala hana namna ya kujua asipomuuliza.

Tena kuna imani. Tarehe 26 Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi ilisogeza kura ya Beni na Butembo hadi Machi, kwa kisa cha Ebola na usalama, huku rais mpya akiapishwa Januari. Wapigakura zaidi ya milioni moja wakaachwa nje. Baada ya hapo namba yoyote ya riposti, yaani ya kampeni ya kupambana na Ebola, ilinuka siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, siku tatu zikipita kati ya shambulio na shambulio. Aprili 19 akauawa Dkt. Richard Mouzoko, daktari kutoka Kameruni, akiwa kazini hospitalini Butembo.

Mwaka 2020 wachambuzi wakiongozwa na Thibaut Jombart, mtu anayefahamika kwa vifurushi vyake vya R (programu za nyongeza), walichapisha katika jarida la Eurosurveillance hesabu ya gharama ya mashambulio hayo. Ghasia ziliupa ugonjwa nguvu. Kupanua chanjo kuwazunguka wagonjwa, pamoja na kuongea na wenyeji, ndiko kulikouzima Butembo. Mama yeyote wa Katwa angewaambia hivyo bure. Lakini yeye Geneva, kwenye Shirika la Afya Duniani, hawamsikii, jedwali wanalisikia.

Na majedwali ya hapa yamefika mbali. Jaribio la dawa nne lililoanza Beni Novemba 2018 lilisimamishwa mapema, Agosti 2019, baada ya kamati huru kuzitazama takwimu. Kati ya waliopewa REGN-EB3 au mAb114 walikufa kama theluthi moja. Kwa waliopewa ZMapp ilikuwa karibu nusu, na kwa remdesivir ikazidi nusu. Mwaka 2020 Marekani ikaziidhinisha zile mbili za kwanza. Ni wanafunzi wangapi wa Chuo Kikuu cha Graben, au cha Semuliki pale Beni, waliowahi kufundishwa namna hesabu ile ilivyofanywa?

Mlipuko ule ulifungwa tarehe 25 Juni 2020, ukiwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ebola ikarudi upande wa Butembo Februari 2021, ikatokea Beni Oktoba mwaka huohuo, na Beni tena Agosti 2022.

Mkutano wenyewe hauhitaji makuu. R inafanya kazi bila intaneti mradi vifurushi vimepakuliwa mapema na kupitishwa kwa flashi. Umeme ukikatika, jenereta. Lugha iwe Kiswahili na Kifaransa. Asubuhi nzima ya kwanza itolewe kwa majina: kila mmoja alete jedwali la majina ya kubuni yanayofanana, washindane nani atawatenganisha akina Kambale bila kumpoteza hata mmoja. Reko wawe waamuzi, na walipwe nauli ya pikipiki siku hiyohiyo, mkononi.