Ngozi Kabla ya Wembe

Mama mmoja mzaliwa wa Lamu, aliyeolewa bara na sasa anaishi Masinga katika Kaunti ya Machakos, ametuletea barua yenye swali ambalo wengi hulionea haya. Anasema kila anapotimiza sunna ya kuondoa nywele za mwilini hutokwa na vipele, na ngozi humuwaka siku tatu hadi nne. Duka lililo karibu naye lina povu la kunyolea la kopo, lakini bei yake ni bei ya unga wa nyumba kwa siku kadhaa. Muuzaji akamwonesha krimu ya tyubu iliyo rahisi zaidi. Kwa kuyaogopa maumivu amekuwa akiacha siku arubaini zipite, na moyo haumtulii. Auliza kama pana kitu cha bei nafuu cha kuitayarisha ngozi kabla ya wembe.

Twamshukuru kwa kuuliza. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na mama huyu amefuata nyayo zao. Ama siku arubaini, huo ndio ukomo uliopokewa na Anas bin Malik (r.a.) katika Sahihi ya Imam Muslim kwa masharubu, kucha, kwapa na nywele za siri. Wembe umetajwa kwa kuwa ndio uliozoeleka. Wanazuoni wetu wameruhusu pia mkasi, kung'oa na dawa ya kuondolea nywele, kwa hivyo mwenye ngozi iliyochubuka apunguze kwa mkasi mpaka apone, wala asijione ameacha sunna.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe. Kitu cha kwanza ni maji, na kwa mkaazi wa Masinga hili lataka maelezo. Wengi wetu tukisikia Masinga twafikiri bwawa lile kubwa la Mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, ambalo maji yake huteremka hadi kufika baharini kwetu huku karibu na Kipini. Lakini kuishi jirani na bwawa si kuwa na maji yake jikoni. Nyumba nyingi za Ukambani hutegemea visima vya kuchimbwa, na maji ya visima hivyo mara nyingi huwa na chumvichumvi. Maji ya namna hiyo hayatoi povu. Sabuni huganda mfano wa maziwa yaliyokatika, hubakia juu ya ngozi, na wembe hupita pakavu. Mtu hulaumu sabuni, akanunua nyingine ya ghali, na hali ikawa ile ile. Basi mama yetu akinge maji ya mvua kutoka kwenye mabati, aweke galoni moja kando kwa kazi hii tu.

Maji hayo yawe ya uvuguvugu, na yapewe muda. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa dakika mbili tatu hunywa maji, ukalainika, na wembe haulazimiki kukokotwa. Wakati mzuri ni mwisho wa kuoga. Asiyekuwa na nafasi hiyo na aweke kitambaa kilichoroweshwa. Tayarisho hili halina bei, nalo ndilo wengi wanalolikimbia kwa haraka zao.

Kisha sabuni. Ile ya kufulia tunayoikata vipande ni kali, huondoa mafuta ya ngozi yote, na tunaamini ndiyo chanzo cha nusu ya mashaka haya majumbani mwetu. Sabuni ya kuogea iliyo laini, ya glisirini au ya watoto wachanga, yatosha kabisa ikipigwa povu zito ndani ya kikombe. Kabla ya povu, matone machache ya mafuta ya nazi yapakwe kwenye ngozi iliyolowa, na wembe usuuzwe kila unapopita mara moja, maana mafuta huuziba.

Hapa tuna neno kwa wasomaji wetu wote. Someni karatasi ya sabuni. Penye neno "tallowate" pametiwa shahamu ya mnyama, na mnyama gani, aliyechinjwa vipi, haikuandikwa. Penye "palmate" ni mafuta ya mchikichi, na moyo hutulia. Brashi za kunyolea nazo ziangaliwe. Zile zilizoandikwa "boar" ni za nywele za nguruwe, na katika madhehebu yetu ya Shafii hiyo ni najisi nzito. Brashi ya nailoni kwa kawaida ni rahisi zaidi, na vidole vya mkono ni rahisi kuliko hiyo.

Kwa kutuliza ngozi baada ya wembe, Masinga ni nchi ya mshubiri. Wakamba huuita kiluma. Lakini ule wa porini unalindwa na sheria za Kenya, hivyo apande wake nyumbani, ule wa Aloe vera. Jani likikatwa lisimamishwe kwanza hadi utomvu wa manjano uchuruzike, kwa kuwa huo huwasha. Kinachopakwa ni ute mweupe wa ndani. Palipokatika, kipande cha shabu kilichotiwa maji husimamisha damu. Shabu hutumika pale palipotoka damu tu, haisuguliwi mwili mzima.

Ile krimu ya tyubu twamwomba asiiguse kabla ya kuonana na daktari. Krimu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya vipele zina steroidi, ambayo hutuliza siku mbili na kuifanya ngozi kuwa nyembamba kwa miezi. Nyingine hasa ni za kujichubua, zikiwa na zebaki au haidrokwinoni zilizokwisha pigwa marufuku nchini.

Vipele vyenyewe, kwa sisi wenye nywele za kujikunja, aghalabu ni unywele uliokatwa chini mno ukarudi ndani ya ngozi. Afuate uelekeo wa nywele, asiivute ngozi, asipite mara nyingi pahala pamoja. Fedha aliyoiokoa kwenye povu la kopo ainunulie nyembe mpya, na kila mtu nyumbani awe na wake, hata mume na mke, kwa kuwa homa ya ini ya aina ya B na virusi vya UKIMWI vyaweza kupita kwenye damu ya wembe. Vipele vikitunga usaha, wembe uwekwe kando kwa wiki kadhaa na aende kituo cha afya.

Na nyinyi jamaa zake mlioko Lamu, mkipata anayesafiri bara, mpelekeeni chupa ya mafuta ya nazi.